Ziara ya Gede: Mji wa Kuta Mbili na Tarehe Moja

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twawaeleza ndugu zetu wasomaji khabari ya safari ya darasa letu, kutoka mitaa hii ya mashariki ya Nairobi mpaka mji wa kale wa Gede, karibu na Malindi. Hatuandiki haya ili tujisifu kuwa tumetembea, kwani siku hizi hata mtoto wa skuli hupanda garimoshi Nairobi asubuhi, na adhuhuri ikamkuta karibu na Mombasa. Twaandika kwa kuwa safari hii imetupa somo, na somo lisiloandikwa hupotea. Na huko kupotea, kama mtakavyoona, ndiko kulikotutia uchungu.

SABABU YA SAFARI

Darasani tulikuwa tukisoma khabari za Andalus. Tulisoma juu ya miji midogo ya mashamba ya Hispania iliyozungushiwa kuta, ambayo wakulima walileta nafaka na mifugo yao, na wafanyaji biashara wakaleta nguo na chumvi. Mwalimu akautaja mji wa Medinaceli, ulio juu ya kilima, ambao jina lake latokana na Madinat Salim, na ambako al-Mansur, mtawala mwenye nguvu wa Qurtuba, alifariki mwaka 1002. Akautaja pia uwanja wa Zocodover katika mji wa Toledo, ambao jina lake hata leo ni lile lile la Kiarabu, yaani soko la wanyama, ijapokuwa wanaolitamka hawajui maana yake.

Wengine wetu walitoa machozi. Ndipo kijana mmoja, mzaliwa wa Pumwani ambaye bibi yake ni mtu wa Mambrui, akauliza: “Maalim, na kwetu je? Hakukuwa na mji wenye ukuta na biashara na msikiti, ukahamwa?”

Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Upo. Bibi yako alikuwa akipita kando yake kila alipokwenda Mombasa.”

Basi tuliona haya. Wengi wetu tunaokaa Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni na Eastleigh asili yetu ni pwani. Twayajua majina ya makhalifa wa Qurtuba, wala hatujui kilichomo katika msitu ulio nyuma ya mashamba ya wajomba zetu. Twamlilia maiti wa mbali, na kaburi la nyumbani limeota magugu. Siku ile ile tulikata shauri kwenda Gede.

UKUTA

Gede iko kama kilomita 16 kusini ya Malindi, karibu na Watamu. Ukiwa hapo huioni bahari; waona mibuyu na mikuyu, na wasikia nyani. Kisha, baina ya miti, waona ukuta.

Kuta ni mbili. Ukuta wa nje ulizunguka mahali pa ukubwa wa eka 45, na urefu wake kwenda juu ulikuwa futi 9. Ukuta wa ndani ni mdogo kwa mzunguko na umejengwa baadaye, na una matundu ya kutolea mitutu ya bunduki. Katika kuta hizo mbili imo khabari nzima. Ule wa kwanza ulijengwa na watu waliokuwa na neema, wakitaka kuonyesha kuwa hapa ni mjini, na huko ni shamba; nao wazuia mnyama na mwizi, lakini si ukuta wa kustahimili mizinga. Wa pili ulijengwa na watu wenye khofu, ambao idadi yao imepungua, wakajikusanya katikati ya mji wa babu zao na kuyaacha mengine yaote nyasi.

Tena yatupasa tujue ya kuwa nyumba za mawe tuzionazo leo hazikuwa nyumba za watu wote. Hizo zilikuwa za matajiri, nazo ziko ndani ya ukuta mdogo. Wenziwao walio wengi walikaa katika nyumba za miti na udongo baina ya kuta mbili, na nyumba hizo zimekwisha kuoza. Mtu akizuru magofu asidhani kuwa amewaona watu wote wa mji. Amewaona wale tu waliokuwa na uwezo wa kununua chokaa.

BIASHARA

Ukitaka kujua mji uliuza na kununua nini, tazama jaa lake. Mwingereza James Kirkman alichimba Gede tangu mwaka 1948 mpaka 1958, na vitu alivyofukua ndivyo vilivyotujulisha khabari za biashara. Zilipatikana bakuli za kaure kutoka China, ushanga wa Venice, taa ya chuma, mkasi, simbi, sarafu za Kichina na kasha la pembe. Haya si ajabu kwa mtu aijuaye Malindi. Katika karne ya 12 al-Idrisi aliandika juu ya chuma cha Malindi, na mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa China twiga, akapokewa kwa heshima kubwa.

Tuliingia katika nyumba moja baada ya moja. Jengo lake litamfahamikia mtu yeyote aliyezaliwa Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa: kiwanda mbele, chumba kirefu cha kupokea wageni, vyumba vya ndani nyuma yake, na choo kilichojengwa vizuri. Imo hata stoo isiyokuwa na mlango, ambayo mtu huingia kwa ngazi kupitia tundu lililo juu karibu na dari, ili mwizi asipate njia. Mama mmoja tuliyefuatana naye alisimama katika chumba cha ndani akasema, “Hapa ndipo kitanda kilipokuwa.” Hapana aliyemfundisha, amelelewa katika nyumba ya namna hiyo.

Lakini tazameni jambo hili, ndugu zetu. Nyumba hizo zina majina yaliyoandikwa katika vibao. Moja ni Nyumba ya Mkasi, nyingine Nyumba ya Simbi, nyingine Nyumba ya Taa ya Chuma, nyingine Nyumba ya Bakuli la Kaure. Kila nyumba imeitwa kwa jina la kitu kilichookotwa ndani yake, kwa sababu jina la mwenyewe halikupatikana. Mkasi umebaki, na aliyeushika hana jina. Yule bwana aliyenunua bakuli kutoka China, akaliweka katika kidaka ili wageni walitazame, alikuwa na fedha, na mahari, na wajukuu, na haki katika msikiti. Leo bakuli lajulikana, na yeye hajulikani.

Hata jina la mji wenyewe ni hivyo. Gede ni neno la Waoromo, watu waliofika huko kutoka kaskazini. Yasemwa kuwa wenyeji wa kwanza waliuita mji wao Kilimani. Basi twauita kwa jina walilolitia wengine baada ya wenyewe kuondoka.

MSIKITI NA MAJI

Msikiti Mkuu ulijengwa katika karne ya 15. Kibula chake chaelekea kaskazini, kwani Makka kwa watu wa pwani yetu iko upande huo, nacho kilipambwa kwa bakuli za kaure. Juu ya mlango mmoja imechongwa ncha ya mkuki. Kando kipo kisima na birika ya kutawadhia. Tulisimama hapo kimya. Kijana aliyeuliza lile suali darasani akapiga magoti akatazama ndani ya birika, ikiwa kavu, ina majani.

Hapa ndipo mahali pa kuuliza kwa nini watu waliondoka. Mji ulianza katika karne ya 11 au ya 12, ukasitawi sana katika karne ya 15, ukapungukiwa na watu katika karne ya 16, wengine wakarejea, kisha ukahamwa kabisa mwanzo wa karne ya 17. Wataalamu wametaja sababu mbali mbali, na hazipingani. Mwaka 1589 Wazimba walipita pwani wakiua na kuteketeza. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa, na mtawala wa Malindi akahamia huko pamoja nao, na biashara ya Malindi ikafifia. Waoromo nao wakashuka kutoka kaskazini. Lakini sababu iliyotugusa zaidi ni ya maji. Karibu na Msikiti Mkuu kuna kisima kinachoonyesha kuwa kilichimbwa mara ya kwanza, kisha kikachimbwa tena chini zaidi, kwa kuwa maji yalikuwa yakikimbia.

Kwa hivyo watu wale walijenga ukuta wa pili wa kumzuia adui aliye nje, na kumbe adui mwingine alikuwa chini ya miguu yao. Hapana ukuta unaozuia kisima kukauka. Jambo hili kila mama wa Eastleigh anayepanga madumu yake alfajiri alifahamu bila ya kufasiriwa.

KABURI LENYE TAREHE

Karibu na Msikiti Mkuu liko kaburi moja ambalo mtu alilichora katika chokaa tarehe yake: mwaka 802 wa Hijra, nao ni sawa na mwaka 1399. Kwa nje halina uzuri wa kulishinda kaburi la mnara lililo jirani yake. Lakini wachimbaji walipotaka kujua kitu gani ni cha zamani na kipi ni cha karibu, tarehe hiyo iliwafaa kuliko majumba yote. Kutokana nayo walipima makaburi mengine na vigae vilivyofukiwa pamoja nayo.

Fikirini basi. Mji wa eka 45, wenye kuta mbili, jumba la mfalme lenye baraza zake, na misikiti zaidi ya mmoja. Na maandishi yaliyotujia yenye mwaka ni hayo ya mkono mmoja juu ya kaburi moja. Wareno walifika Malindi mwaka 1498 pamoja na Vasco da Gama, wakaishi huko miaka mingi, na katika maandiko yao Gede haikutajwa. Wenyewe hawakuacha kitabu. Mji ukalala katika msitu mpaka mwaka 1884 alipoufikia Mwingereza John Kirk. Mwaka 1927 serikali ikauandika katika mahali pa kuhifadhiwa, na mwaka 2024 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Ulimwengu, kama ulivyotangulia kuingizwa Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001 na Ngome ya Yesu mwaka 2011.

MAKOSA MAWILI

Palipokosekana khabari ya kweli, khabari ya uwongo huingia. Katika safari yetu tulisikia makosa mawili, na yatupasa tuyakatae yote mawili.

Kosa la kwanza ni la wasemao kuwa mji ule ni wa majini, na kwamba wazee wake wa kale wangali hapo wakiwalinda. Kwa sababu hiyo baadhi ya watu huogopa kuingia, na wengine huenda na ubani kuomba haja. Ndugu zetu, watu wa Gede walikuwa binadamu kama sisi: walitawadha, waliswali, walifanya biashara, walipungukiwa na maji, wakaondoka. Mwenye kuwafanya majini amewavua ubinadamu wao. Mwenye kuwaomba amewapa wasichokuwa nacho. Haki yao juu yetu ni dua na kujua khabari zao, basi.

Kosa la pili ni la wasemao kuwa mji wa mawe hauwezi kuwa kazi ya watu wa hapa, bali uliletwa mzima mzima kutoka ng’ambo. Zamani hata wataalamu walisema hivyo. Wa siku hizi wameonyesha kuwa miji hii iliota katika ardhi hii hii. Katika mji wa Shanga, kisiwani Pate, chini ya misikiti ya mawe ilionekana misikiti ya miti iliyotangulia, na ya kwanza yao ni ya karne ya 8. Na mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya kale kutoka miji ya pwani, ikiwamo Mtwapa na Manda, yakaonyesha mchanganyiko wa mama wa Kiafrika na baba waliotoka Uajemi, ulioanza kama mwaka 1000. Basi asiyetaka kumtaja mama yake na asiyetaka kumtaja baba yake wote wamekosa. Na mtoto wetu akiambiwa huku Nairobi kwamba watu wake hawakujenga kitu, asigombane; amchukue mwenziwe Gede, amwonyeshe kile choo, na zile njia za maji ya mvua.

PANGANI YETU

Tuliporudi tuliuliza: je, haya yamekwisha, au yangali yakitokea? Jawabu tuliipata hapa hapa.

Kabla ya Pumwani kulikuwa na vijiji vya watu wetu katika Nairobi hii. Kulikuwa na kijiji kilichoitwa Mombasa, na Maskini, na Kaburini. Viliondolewa, na Pumwani ikafunguliwa mwanzo wa miaka ya 1920. Kikabaki kijiji cha Pangani, nacho kikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Katika Pangani ile kulikuwa na nyumba zilizojengwa kwa jasho la wanawake na wanaume, na misikiti, na vyuo, na harusi zilizohudhuriwa na watu wa makabila yote. Nani aliyesomesha katika vyuo vile? Nani aliyetoa kiwanja? Gede imekaa karne nne katika msitu, na Pangani haijatimiza miaka mia tangu ibomolewe; na wengi wetu twajua zaidi juu ya Gede.

Tutasema jambo la aibu yetu wenyewe. Katika Pumwani alikuwako mzee mmoja aliyejua kila nyumba ya Majengo ya zamani: imejengwa na nani, imerithiwa na nani, na ipi ilitolewa wakfu. Darasa letu lilikwenda kwake mara tatu. Alisimulia, tukafurahi, tukanywa kahawa, tukasema, “Inshallah tutarudi na daftari.” Tulipokuwa tukijitayarisha kwa safari ya Gede, Mwenyezi Mungu akamchukua mja wake. Tumemzika na kumwombea rehema. Baada ya maziko mwanawe alituonyesha kasha la karatasi zake. Maji ya mvua yalikuwa yameingia, na wino umeenea. Katika karatasi kumi na moja tuliweza kusoma moja.

Tulikwenda mbali kutazama tarehe iliyochorwa juu ya kaburi, na hai aliyekuwa na tarehe mia kifuani tulimwacha mlangoni petu. Si Mreno aliyetufanyia hayo, wala Mzimba, wala serikali. Tumejifanyia wenyewe.

KAZI YA DARASA

Kwa hivyo somo hili halimalizikii katika kusoma. Twawaomba ndugu zetu, wa Nairobi na wa pwani, kila mmoja afanye haya kabla ya mwezi kwisha:

Kwanza, aende kwa mzee mmoja wa ukoo wake au wa mtaa wake, na daftari mkononi, na aandike anayoyasikia kwa maneno ya msemaji mwenyewe, bila ya kuyapamba.

Pili, kila khabari aitie mambo matatu: jina la mtu, jina la mahali, na mwaka. Mwaka ukitajwa kwa Hijra auandike hivyo, kisha autafsiri pembeni. Mzee asipoukumbuka mwaka, na aulizwe lilikuwa kabla ya jambo gani au baada ya jambo gani.

Tatu, wenye kushika amana za misikiti na vyuo watazame karatasi za wakfu walizonazo, watoe nakala mbili, na ziwekwe mahali pawili mbali mbali. Karatasi moja ndani ya kasha moja ni kisima kimoja.

Nne, anayeweza kusafiri na aizuru Gede pamoja na watoto wake. Asipande juu ya kuta, asichukue hata kigae, asichore jina lake. Awaulize watoto: watu hawa walipata wapi maji? Walinunua nini, na kwa nini? Kwa nini hatuyajui majina yao? Awaache wajibu wenyewe, kisha awaonyeshe lile kaburi.

Kijana wetu aliyeuliza suali la kwanza ameanza kazi yake. Amempigia simu bibi yake Mambrui, na katika mkutano wa wiki iliyopita alitusomea kurasa mbili: jina la aliyeingia ukoo wao kwanza, kisima walichochimba, na mwaka wa njaa uliowahamisha. Mwaka haukuwa na nambari, ila bibi alijua kuwa mama yake alikuwa amebeba mimba wakati huo. Tumeanza kuutafuta.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu watu wa Gede, ambao majina yao hayakufichika Kwake, na awarehemu wazee wetu wa Pangani na Pumwani, na atuwezeshe kuandika kabla ya wino na watu kutoweka. Wa billahi tawfiq.